Sista Alipopiga Magoti Chumbani Kwangu

Hakuna aliyemwita kwa jina. Mtaani kwetu Tunduma, juu kidogo ya pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka, ukisema Sista kila mtu alijua unamsema nani. Alikuwa nesi mstaafu. Alipanga chumba cha mwisho katika nyumba yetu ya vyumba sita, yenye ua mmoja, bomba moja na jiko moja la nje, na mimi nilipanga cha tano. Tulikaa ukuta kwa ukuta miaka tisa. Jina lake nililiona mara moja tu, kwenye kadi yake ya bima, nikalisahau siku hiyohiyo.

Akiingia chumbani kwa mtu hakukaa. Macho yalitangulia kuzunguka: jiko la mkaa liko wapi, mafuta ya taa yamewekwa kwenye nini, dawa ya panya iko juu au iko chini, dirisha linafunguka au limepigiliwa misumari. Akimaliza ukaguzi wake ndipo anasalimia. Wageni walimwona hana adabu. Sisi wapangaji tulishazoea. Tukisikia kandambili zake zinakuja tulisukuma vitu chini ya kitanda, naye akishaingia tu aliinama na kuangalia chini ya kitanda.

Alikuwa mwembamba, mrefu, na alitembea kama mtu anayewahi zamu, hata alipokuwa anakwenda kuanika kanga. Kiswahili chake kilikuwa na mvuto wa Kinyiha, kila sentensi ikipanda kidogo mwishoni, kiasi kwamba usipomjua ungedhani anauliza kumbe anaamuru.

"Hilo jiko litatoka nje?" alikuwa akisema, na wewe ulilitoa nje.

Mwezi wa sita Tunduma ni baridi. Watu huingiza majiko ya mkaa ndani, hufunga mlango na kuota moto. Mwaka mmoja jumuiya yetu ilikuwa inasali chumbani kwa Mama Chanda, jirani yangu wa upande wa pili. Tulikuwa watu kumi na mbili, jiko linawaka katikati, mlango umefungwa. Mzee wa kanisa alikuwa amefika katikati ya sala, macho yote yamefumbwa, mara tukahisi upepo. Sista alikuwa amefungua mlango na dirisha, amelishika jiko kwa kanga yake, analipeleka uani. Mzee wa kanisa alinyamaza. Sista akarudi, akapiga magoti pale alipokuwa.

"Endelea baba," akasema. "Mungu anasikia hata mlango ukiwa wazi."

Alikuwa mkali, lakini hoja akiisikia aliibeba. Mwenye duka la kona alikuwa anauza mafuta ya taa kwenye chupa za soda. Sista akamwendea na kalamu ya wino mzito, akaandika SUMU kwenye kila chupa. Mwenye duka akamtazama tu mpaka akamaliza.

"Sista, mtoto wa miaka miwili anajua kusoma?"

Sista akafunga kalamu yake. Alirudi nyumbani. Kesho yake akaenda tena na galoni la bluu lenye mfuniko mgumu na mrija. "Nimelifikiria neno lako," akamwambia. "Ulisema kweli. Mimina humu." Mwenye duka akamimina. Galoni hilo bado liko pale, ingawa siku hizi anayenunua mafuta ya taa ni mmoja mmoja.

Mtu akimwendea kusema anaumwa, hakuuliza anaumwa nini. Aliuliza, "Umetoka wapi wiki hizi?" Kama umetoka Mbozi kwenye kahawa, alisikiliza taratibu. Kama umetoka bondeni, Kamsamba au upande wa ziwa, alikushika mkono na kukupeleka kupima malaria kabla hujamaliza sentensi. "Usinieleze unavyojisikia," alikuwa akisema. "Nieleze ulikolala." Nilimsikia akisema hivyo mara nyingi mno. Nalitaja hapa mapema kwa sababu baadaye itanibidi nieleze siku ambayo hakuuliza.

Kwenye kidole cha pete alivaa pete ya ndoa. Ilikuwa nyeupe, kama bati. Mumewe alikuwa ameshafariki zamani, na mimi nilidhani ni pete ya bei rahisi. Siku moja tunachambua maharage uani nikamuuliza.

"Hii ni dhahabu," akasema. "Nilikuwa nesi mpya. Themometa ilinivunjikia mkononi, zebaki ikamwagika mezani, nami nikaicheza. Tulikuwa tunaicheza wote. Unaigusa inakimbia, unaifuata, inagawanyika, unaiunganisha. Nzuri kuliko shanga. Nilipomaliza kucheza, pete ilikuwa imegeuka hivi."

"Haikusafishika?"

"Ilikwishaingia. Zebaki ikiona dhahabu inaingia." Akaichezesha pete kidoleni. "Wagonjwa wawili walikuwa wamelala chumba kile, na dirisha limefungwa. Hakuna aliyetuambia kwamba ile kitu inapanda hewani, huioni, huinusi. Nimekuja kuambiwa nina miaka ishirini kazini."

Alisema hivyo akaendelea kuchambua maharage.

Kwa ajili hiyo alimchukia kijana mmoja mpangaji wa chumba cha pili, mchimbaji, ambaye alikuwa akienda machimbo ya upande wa Mkwajuni na kurudi. Labda alimchukia si neno sahihi, maana alimpikia uji alipougua. Lakini siku moja alimkuta kwenye jiko letu la nje, mvua inanyesha, mlango ameurudishia, anachoma kidonge cha dhahabu na zebaki kwenye kifuniko cha kopo juu ya mkaa, zebaki iruke ibaki dhahabu. Sufuria ya ugali ya Mama Chanda iko pembeni, haina mfuniko. Sista alimtoa kijana yule kwa kumshika shati. Ugali ukamwagwa shimoni, sufuria ikatupwa. Kwa siku tatu hakuna aliyepika mle ndani. Tulipika mvuani chini ya turubai.

"Sista, hii ni riziki," kijana akamwambia.

"Kaitafute riziki porini kwenye upepo, na wewe ukae upande upepo unakotoka. Humu wanakula watoto."

Kijana akahama mwezi ule. Sista alisimama getini mpaka pikipiki iliyobeba godoro lake ikapotea, kisha akarudi ndani, na jioni ile hakutoka.

Nisimfanye malaika. Alitumia ugoro, kwa siri, nyuma ya choo, na sote tulijua. Chai yake aliitia sukari vijiko vitano huku akiwafundisha wenzake mambo ya kisukari. Alipanda bodaboda upande, bila kofia, amekumbatia mkoba. Mwenyewe hakupima chochote. Presha yake hakuijua mtu. Nilimwambia mara moja aende akaangaliwe kizunguzungu alichokuwa akipata, akanitazama kama nimemtukana. "Mimi nimewaona wanaoangaliwa," akasema.

Sasa niseme ya siku ile.

Mume wangu alikuwa utingo wa lori, anakwenda Lusaka na zaidi, anaonekana siku mbili kwa mwezi. Mimi nauza mitumba sokoni. Binti yangu Eliza alikuwa na miaka minne. Tulikuwa tumetoka Kamsamba kwa mama yangu, kuvuna mpunga, tumekaa wiki mbili. Tuliporudi zilipita siku kama kumi, akaanza homa. Siku ya kwanza nilimpa panadoli ikashuka. Siku ya pili ikashuka ikapanda. Siku ya tatu asubuhi, saa nne hivi, nilitaka kujua imefika ngapi kabla ya kwenda kokote. Nilikuwa na themometa ya kioo, nilinunua ng'ambo, Nakonde, nikaifunga kwenye soksi ya mtoto. Nikamwekea kwapani. Alikuwa analia, anajinyonganyonga. Nikamshika mkono kwa nguvu. Alijivuta, themometa ikatoka, ikagonga ukingo wa kitanda, ikaanguka kwenye sakafu ya saruji. Ikavunjika vipande viwili, na yale matone madogomadogo ya rangi ya fedha yakatawanyika mpaka chini ya kabati.

Nilifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya. Nilichukua ufagio nikaanza kufagia. Kila nikifagia tone moja linakuwa kumi. Hapo nikakumbuka pete ya Sista. Nikatoka mlangoni nikamwita.

Alikuja upesi. Alisimama mlangoni, akaona sakafu, akaona ufagio mkononi mwangu.

"Weka huo ufagio chini. Hapohapo. Usinyanyue mguu. Umevaa nini miguuni?"

"Kandambili."

"Zivulie hapo, toka kwa kuruka huku. Mtoto mpe Mama Chanda akae naye uani, mbali na mlango."

Mama Chanda alikuwa ameshafika, kanga moja kifuani. Alimpokea Eliza. Eliza alipopitishwa mbele ya Sista, Sista alimgusa shingoni kwa mgongo wa mkono, mara moja tu, kama mtu anayegusa ukuta akipita.

"Wa moto," akasema. "Tukimaliza nitamwona."

Nalikumbuka neno hilo lilivyo. Wakati linasemwa halikunistua. Nilikuwa nimefurahi kwamba kuna mtu anayejua la kufanya.

Alifungua dirisha, akafunga pazia la mlango wa ndani upepo usiipeleke hewa ile vyumba vingine. Alivua pete yake akaifunga kwenye pindo la kanga, akaniambia nami nitoe hereni. Alivaa mifuko ya nailoni mikononi. Alichana jalada la daftari gumu vipande viwili, akapiga magoti, akaanza kuyakusanya tone kwa tone, akiyasukuma polepole mpaka yakutane. Tochi ya simu aliilaza sakafuni, mwanga ukatambaa chini, na kila tone lililojificha likang'aa. Sikujua kwamba ndivyo yanavyotafutwa. Makubwa aliyavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akayatia kwenye kopo la jemu lenye maji kidogo. Madogo aliyanasa kwa selotepu. Kwenye ufa wa saruji karibu na kabati alikaa muda mrefu, anachokoa, anavuta, anachokoa.

"Usimwage chooni hata siku moja," alinieleza bila kuinua kichwa. "Huko inakwenda kwenye maji. Usioshe na sabuni ukamwaga uani. Mkeka huu hauoshwi, unafungwa kwenye mfuko. Ufagio pia. Kandambili pia. Kopo nitalipeleka mwenyewe kwa bwana afya. Chumba hiki leo hakilali mtu, dirisha libaki wazi mpaka kesho muda kama huu. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Sista."

"Rudia."

Nikarudia yote, kama mtoto wa shule. Nilirudia vizuri. Aliitikia kwa kichwa, akaridhika. Ilikuwa imepita saa nzima na zaidi. Watu wa nyumba za jirani walikuwa wamejaa mlango wa ua, wanatazama kwa mbali, naye akawa anawaelekeza wao pia, sauti imepanda, akiwaonyesha kopo kwenye mwanga. Sijawahi kumwona amechangamka vile. Alikuwa kama amerudi kazini.

Ndipo Mama Chanda akapiga kelele kule uani. "Mayo! Mayo, umwana!" Ni lugha ya kwao. Mama, mtoto!

Eliza alikuwa amekakamaa mapajani mwake. Macho yamegeuka meupe, mkono mmoja unapiga, povu mdomoni. Sista alifika kabla yangu. Alimlaza ubavu, akamlegeza nguo, akamtazama. Halafu akainua uso kunitazama.

"Mlitoka wapi?" akauliza.

"Kamsamba."

Alimbeba yeye mwenyewe, akakimbia naye mpaka barabarani, mifuko ya nailoni bado iko mikononi mwake. Bodaboda iliyotupakia ilitupakia wote watatu.

Ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Hospitali ya kwanza walimpa dawa ya mshipa na kutupa gari la kwenda Mbeya. Siku nne hakuamka. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki. Watu wananiuliza nilikuwa najisikiaje siku zile. Nilikuwa naangalia dripu. Nilihesabu matone mpaka nikapoteza hesabu, nikaanza tena. Mume wangu alipiga simu kutoka barabarani, akalia, mimi nikamwambia aendeshe vizuri, ingawa si yeye aliyekuwa anaendesha.

Siku ya tano Eliza akafumbua macho. Alinijua. Alishika kidole changu. Daktari akasema tumshukuru Mungu, nikamshukuru.

Masikio tulikuja kuyagundua baadaye, tuko nyumbani, wiki ya tatu. Lori lilipiga honi nyuma yetu, honi ile ya kupasua kifua, watu wote tukaruka. Eliza aliendelea kutembea. Nilimwita. Nilimwita tena. Nikapiga makofi nyuma ya kichwa chake pale barabarani, watu wananitazama, naye anaendelea kutembea.

Nilimuuliza daktari swali moja tu. Kama tungekuja saa moja mapema? Alikuwa mtu mzima, mwenye miwani. Alifikiri kwanza, nami namheshimu kwa hilo.

"Mama, ugonjwa wenyewe unaweza kufanya hivi hata kwa aliyewahi," akasema. "Siwezi kukwambia ndiyo. Siwezi kukwambia hapana."

Nililichukua jibu hilo nikarudi nalo nyumbani. Nimeishi nalo. Nikiliweka upande wa ndiyo halikai, nikiliweka upande wa hapana halikai.

Sista alikuja wodini Mbeya mara moja. Alileta uji kwenye chupa ya chai. Alisimama miguuni pa kitanda, mikono ameifunga nyuma, kama manesi wanavyosimama daktari akipita. Alisoma karatasi iliyoning'inia kitandani, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, akairudisha ilivyokuwa. Aliondoka bila kuaga. Niliporudi Tunduma nilikuta chumba changu kimepakwa chokaa, ule ufa wa sakafu umezibwa kwa saruji mpya, na mlangoni kuna mkeka mpya. Sikumwuliza, wala hakusema.

Hatukugombana. Hilo watu hawalielewi. Tulisalimiana kila asubuhi. "Umeamkaje Mama Eliza?" "Salama Sista, shikamoo." "Marahaba." Lakini hakuingia tena chumbani kwangu. Aliishia mlangoni, na hata pale mlangoni macho yake hayakuzunguka tena kutafuta jiko na dawa ya panya. Aliangalia uso wangu, au miguu yake.

Nyumba za watu wengine nazo akaacha kuzikagua. Mwezi wa sita ulirudi, majiko yakaingia ndani, na Sista akapita milangoni bila kusema. Mimi ndiye niliyeanza kuyatoa. Sijui nilianzaje. Nilijikuta nimeshika jiko la mtu kwa kanga.

Mtaani habari ilikwenda kwa namna yake. Walikuwa wakisimulia jinsi Sista alivyookoa nyumba nzima: jinsi alivyopiga magoti, tochi sakafuni, tone kwa tone. Akina mama walikuja kuniuliza alifanyaje, nami niliwafundisha, kwa sababu alichofanya kilikuwa sahihi. Kila hatua ilikuwa sahihi. Hata kumtoa mtoto nje. Themometa ikivunjika kwako leo nitakwambia ufanye vilevile. Siku moja mtu alimsimulia yeye mwenyewe mbele yangu, pale bombani, akacheka na kumsifu. Sista aliacha ndoo yake inamwagika mpaka aliyekuwa nyuma akafunga bomba.

Mwaka uliofuata alihama. Kaka yake alimchukua kwao Ibaba, Ileje, kule milimani kwenye viazi. Alipakia vitu vyake kwenye gari la viazi lililokuwa linarudi tupu. Nilimsaidia kubeba godoro. Tulishika kila mmoja upande wake, tukalirusha juu. Alinipa mkono, nikaupokea kwa mikono miwili, na gari likaondoka.

Miaka sita tulikaa kimya. Eliza alianza shule ya bweni yenye darasa la watoto wasiosikia. Anajua kusoma, anajua kushona vifungo, ana marafiki ambao wakikutana mikono yao inakwenda kasi mpaka sioni kitu. Mimi najua ishara za kutosha: kula, lala, njoo, nakupenda, acha utundu. Nyingine ananifundisha likizo, ananicheka.

Likizo iliyopita nilipigiwa simu na binti mmoja, akasema yeye ni mtoto wa kaka yake Sista. "Shangazi anakuulizia," akasema. "Kila siku. Miguu haimchukui tena. Ukiweza, uje. Na mtoto, kama mtoto yupo."

Tulikwenda. Kule juu ukungu unashuka mpaka kwenye paa, na baridi yake haifanani na ya kwetu, ina maji ndani. Tulimkuta kakaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko la nyasi, shuka mabegani, beseni la viazi mbele yake, anamenya. Alikuwa amebaki mdogo. Maganda yalikuwa yanatoka manene.

Nilimwamkia, akaitikia. Binti wa kaka yake akatuwekea kigoda, akaenda shambani.

Sista alimtazama Eliza muda mrefu. Eliza naye alimtazama, kama anavyotazama watu wote, mdomoni kwanza halafu machoni.

"Anaongea?"

"Kwa mikono."

"Mwambie nimefurahi kumwona."

Nikafanya ishara. Eliza akatabasamu, akajibu kitu kirefu ambacho sikukielewa chote, kisha akaenda kuangalia kondoo waliofungwa nyuma ya nyumba. Tukabaki wawili.

"Nilianza na sakafu," Sista akasema.

Alisema vile bila utangulizi, kisu kikiwa katikati ya kiazi. Nilikuwa na majibu ya neno hilo, nimeyaandaa miaka yote. Yapo ya kumfariji, yapo ya kumchoma.

"Ndiyo," nikasema. "Ulianza na sakafu."

"Nilimgusa. Mkono wangu ulijua. Mkono wangu una miaka thelathini na tano ya kushika shingo za watoto. Nilijua ni homa kubwa, nikasema tukimaliza. Watu walikuwa wananitazama, Mama Eliza. Nilipenda walivyokuwa wananitazama." Aligeuza kiazi mkononi. "Sikuuliza mlitoka wapi. Mtu yeyote namwuliza. Wewe sikukuuliza."

Sikulia, naye hakulia. Kondoo alilia nyuma ya nyumba, na nikafikiri kwamba Eliza yupo pale na hamsikii, kisha wazo likapita.

Ndipo nikamwambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mume wangu, wala daktari, wala Mama Chanda.

"Sista, unakumbuka nilivyokuita siku ile? Nilivyosema?"

Akatikisa kichwa kwamba hakumbuki.

"Nilitoka mlangoni nikapiga kelele, 'Sista, njoo, themometa imevunjika.' Mtoto ana homa siku ya tatu, yuko kitandani nyuma yangu analia. Sikusema mtoto anaumwa. Sikusema tumetoka Kamsamba. Nilikuita kwa ajili ya sakafu. Na ile saa yote uliyokuwa umepiga magoti, mimi nilikuwa nimesimama dirishani nakuangalia wewe. Uani sikutazama."

Kisu kilikuwa kimesimama. Alinitazama sasa, kama alivyokuwa akitazama chumba cha mtu zamani, pembe zote.

"Kwa hiyo hakuna aliyeniambia mtoto anaumwa."

"Hakuna. Wa kukuambia nilikuwa mimi."

Ukungu ulikuwa umeingia mpaka kwenye beseni.

"Basi tulikuwa wawili," akasema.

"Wawili, Sista."

Akanisogezea kisu cha pili na nusu ya viazi, nikavuta kigoda karibu yake nikaanza kumenya.